Kupanga Ziara Fupi ya Bustani za Kihistoria: Kalimoni, Thika na Ruiru kama Darasa la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanafunzi wa Kiswahili wanavyoweza kupanga ziara ya siku mbili katika bustani na mandhari za kihistoria zilizo karibu na Kalimoni, katika eneo la Juja, baina ya miji ya Ruiru na Thika. Hoja inayotetewa ni kwamba bustani ni matini. Ina aliyeiandika, yaani aliyeamuru ipandwe. Ina aliyeifanyia kazi, yaani aliyeilima na kuimwagilia maji. Na ina majina ambayo kila moja lina historia yake. Mpango mzuri wa ziara humwezesha mwanafunzi kuisoma matini hiyo yote, si ukurasa wa kwanza pekee.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii ni kweli, lakini ina upungufu mmoja kwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Aendaye bila mpango huokota kile kilicho juu ya njia, na kilicho juu ya njia aghalabu ni kile ambacho wengine wamekwisha kukiweka hapo ili kiokotwe. Mtalii anayefika Thika huonyeshwa maporomoko ya maji, hupigwa picha kando ya maua, husimuliwa habari za walowezi, kisha hurudi nyumbani. Ameona mengi ila amesikia sauti moja tu.

Aidha, kuna sababu ya kuharakisha. Tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipokamilishwa kupanuliwa mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa kati ya Ruiru na Juja yamegeuzwa makazi na maeneo ya biashara. Mji mpya wa Tatu City, uliozinduliwa mwaka 2010, umejengwa palipokuwa na mibuni. Si lazima mabadiliko hayo yalaumiwe, kwani watu wanahitaji nyumba. Lakini mti ung'olewapo, jina lake la mahali pale, wimbo wa waliouchumia na kumbukumbu ya aliyeupanda huondoka nao. Wazee waliofanya kazi katika mashamba hayo kabla ya uhuru wa mwaka 1963 wanazidi kupungua. Likizo fupi ya katikati ya muhula yaweza kutosha kunusuru sehemu ya kumbukumbu hiyo.

2.0 Dhana ya Bustani katika Kiswahili

Kabla ya kuondoka, ni vyema wasafiri waelewane juu ya neno lenyewe. Bustani ni neno lenye asili ya Kiajemi lililoundwa kwa sehemu mbili: bu, yaani harufu, na stan, yaani mahali. Kwa hiyo bustani, katika maana yake ya asili, ni mahali pa kunukia. Maana hii haikupotea pwani. Katika ushairi wa mapenzi na katika taarabu, maua yanayosifiwa ni asumini, waridi, kilua na mrehani, ambayo sifa yake kuu ni harufu. Kasri za Zanzibar za karne ya 19, kama vile Mtoni na Marahubi, zilizungukwa na miti ya matunda na ya viungo, na hapo pua ilishiriki katika starehe sawasawa na jicho.

Kando ya bustani kuna maneno mengine yanayogawana uwanja huo wa maana. Kiunga ni sehemu ya pembezoni mwa mji yenye mashamba na miti ya matunda. Kitalu ni mahali palipotengwa kwa kukuzia miche, ingawa Wakenya wengi leo husema nasari. Shamba, kwa matumizi ya Kenya, laweza kuwa ekari elfu za kahawa au kipande kidogo cha mboga nyuma ya nyumba. Neno ua nalo lina mafunzo yake: ua la kunusa lina wingi wa maua na liko katika ngeli ya LI-YA, ilhali ua wa nyumba una wingi wa nyua na uko katika ngeli ya U-ZI. Ni upatanisho wa kisarufi tu unaotenganisha kinachochanua na kinachokizunguka.

Utofauti huu unazaa swali la kwanza la uwandani. Bustani za walowezi wa bara zilipambwa zaidi kwa ajili ya jicho: mijakaranda ya zambarau kutoka Amerika Kusini, bogenvilia zenye asili ya Brazili, nyasi zilizokatwa sawasawa. Je, ni mimea mingapi katika bustani hizo inayonukia? Kila mwanafunzi na aandike jibu lake kwa kila kituo. Atagundua kwamba neno moja limebeba tamaduni mbili za kutazama maumbile.

3.0 Uteuzi wa Vituo

Kosa la kawaida katika ziara fupi ni kutaka kufika kila mahali. Siku mbili zinatosha vituo vinne au vitano. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kwamba kila kituo kiwakilishe sauti tofauti.

3.1 Bustani ya Mugumo, Thika

Kituo hiki ni cha sauti ya wenyeji. Mugumo ni mti wa jamii ya mikuyu uliotukuzwa na Wagikuyu kama mahali pa sala na tambiko, haukukatwa ovyo. Kwa mujibu wa simulizi inayojulikana sana, mtabiri Mugo wa Kibiru alitabiri kuja kwa wageni, kisha akasema kwamba utawala wao ungekoma siku ambayo mugumo mmoja wa Thika ungeanguka. Simulizi huendelea kueleza kwamba wakoloni, waliposikia habari hiyo, waliuimarisha mti kwa chuma ili usianguke. Na kwamba radi iliupiga na kuupasua, ukaanguka wakati Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapaswi kuuliza tu kama mambo yalikwenda hivyo hasa. Anapaswa kuuliza simulizi inafanya kazi gani. Mtawala mwenye bunduki anaonyeshwa akiufunga mti kwa chuma kwa hofu ya maneno ya mtu aliyekwisha kufa. Hiyo ni kejeli kali, na ndiyo sababu simulizi imedumu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliutumia utabiri wa Mugo katika riwaya yake ya The River Between ya mwaka 1965, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Njia Panda.

3.2 Maporomoko ya Chania na Hoteli ya Blue Posts

Hiki ni kituo cha sauti ya mgeni. Hoteli ya Blue Posts ilianzishwa mwaka 1908 karibu na maporomoko ya mito Chania na Thika, wakati ambapo mahali hapo palijulikana na Wazungu kama Chania Bridge. Bustani yake inatazama maji. Walowezi waliokwenda mashambani kwao kutoka Nairobi walipumzikia hapo.

Miongoni mwa waliofika Thika utotoni katika miaka hiyo ni Elspeth Huxley (1907–1997), aliyeandika The Flame Trees of Thika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1959 na kuonyeshwa kama tamthilia ya televisheni mwaka 1981. Mti unaotajwa katika anwani hiyo huitwa kifabakazi kwa Kiswahili. Zoezi la tafsiri linajitokeza lenyewe: je, anwani itafsiriwe Vifabakazi vya Thika, au neno la moto lihifadhiwe? Tafsiri ya kwanza inataja mti wenyewe lakini inapoteza picha ya miali. Ya pili inahifadhi picha na kupoteza mti. Isitoshe, Kiingereza cha Kenya huuhusisha mti huu na Nandi, magharibi mwa nchi. Hata mti uliofanywa alama ya Thika, basi, ulikuwa na kwao kwingine.

3.3 Kilimambogo

Mashariki mwa Thika, katika Kaunti ya Machakos, kipo kilima chenye kimo cha takriban mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Kwenye ramani ni Ol Donyo Sabuk, jina la Kimaasai lenye maana ya mlima mkubwa au mnene. Kwa Kiswahili ni Kilimambogo, yaani kilima cha mbogo, ambapo nomino mbili zimeambatanishwa bila kiunganifu. Kwa Wagikuyu ni Kĩanjahĩ, jina linalohusishwa na njahi, kunde nyeusi yenye kovu jeupe, ambayo pia imeyapa jina majira ya mvua za masika. Jamii moja iliona umbo, nyingine iliona mnyama, nyingine iliona chakula na mvua. Ni nadra somo la onomastiki kupatikana likiwa limesimama wazi hivyo.

Juu ya kilima hicho, njiani kuelekea kileleni, limo kaburi la Mmarekani William Northrup McMillan (1872–1925), aliyemiliki shamba la Juja la takriban ekari 20,000 na kumpokea hapo Theodore Roosevelt mwaka 1909. Karibu naye wamezikwa mkewe Lucie na mtumishi wao Louise Decker. Majina ya vibarua waliofyeka, waliopanda na waliochota maji Juja hayamo katika kaburi hilo. Kutokuwamo huko ni data, na kunapaswa kuandikwa katika daftari kama vile kinachoonekana kinavyoandikwa. Kilima kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967, na nyati waliokipa jina bado wamo. Hivyo basi, haifai kupanda kwa miguu bila askari wa wanyamapori.

3.4 Kituo cha Utafiti wa Kahawa, Ruiru

Kituo hiki ni cha sauti ya kazi na elimu. Hapa ndipo ilipozalishwa aina ya kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu ya uwezo wake wa kustahimili chulebuni, ugonjwa unaoharibu matunda, pamoja na kutu ya majani. Safu za mibuni hazikupandwa kwa ajili ya kupendeza. Hata hivyo, mvua ifuatayo kiangazi huifanya itoe maua meupe yenye harufu inayokaribiana na ya asumini. Kwa kigezo cha asili ya neno, huenda shamba hili likastahili kuitwa bustani kuliko nyasi nyingi za mahoteli.

Msamiati wa hapa unahitaji uangalifu. Katika Kiswahili sanifu, mbuni ni mti, buni ni tunda au punje, na kahawa ni kinywaji au zao kwa jumla. Katika biashara ya kahawa ya Kenya, hata hivyo, mbuni ni kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kukobolewa kwa maji, na bei yake huwa ya chini. Mwanafunzi atakayemwambia mkulima wa Ruiru kwamba ana mbuni nzuri atakuwa amemaanisha sifa, na mkulima atasikia jambo jingine. Ikumbukwe pia kwamba kwa miongo mingi ya ukoloni Waafrika wa eneo hili walizuiwa kulima kahawa yao wenyewe. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mti ambao wazee waliuchumia kama vibarua haukuwa mti ambao wangeweza kuumiliki.

4.0 Mpango wa Siku Mbili

Kalimoni inafaa kuwa kambi kwa sababu iko katikati: Ruiru iko upande wa kusini-magharibi, Thika upande wa kaskazini-mashariki, na usafiri wa matatu hupatikana kwa wingi barabarani. Ziara ianze Ijumaa, kwani ofisi za taasisi hufungwa mwisho wa juma.

Siku ya kwanza, asubuhi, wasafiri waende Ruiru wakiwa na barua ya idara iliyotumwa mapema. Saa sita wapande matatu kwenda Thika. Alasiri waitembelee Bustani ya Mugumo kwanza, ndipo waende kwenye maporomoko ya Chania. Mpangilio huu si wa bahati. Anayesikia simulizi ya mugumo kabla ya kuketi katika bustani ya walowezi huitazama bustani hiyo kwa jicho jingine.

Siku ya pili, alfajiri, safari iwe ya Kilimambogo kwa barabara ya Garissa, na alasiri wasimame kwenye Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi. Hapa uzuri na uchafu huonekana pamoja, kwa kuwa maji ya Athi hubeba taka za mji wa Nairobi na viunga vyake. Jioni wakusanyike Kalimoni kwa majadiliano wakati kumbukumbu zingali mbichi.

Kuhusu majira, kila chaguo lina gharama yake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maporomoko hujaa lakini barabara ya kilimani huteleza. Oktoba na Novemba mijakaranda huchanua na uchumaji wa kahawa huwa umepamba moto. Julai hakuna mvua nyingi, na tarehe 7 mwezi huo ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Chama cha wanafunzi chaweza kuifanya ziara kuwa sehemu ya maadhimisho yake.

Kabla ya safari, mratibu ahakikishe mambo manne: barua za ruhusa, ikiwa ni pamoja na ya mwenye shamba lolote la kibinafsi; ada za kuingia hifadhini, na vitambulisho vya wanafunzi vinavyohitajika ili kupata nafuu; mgawanyo wa kazi, ili mmoja arekodi, mwingine aandike, wa tatu achore ramani ya mimea; na chakula cha mchana cha siku ya kilimani.

5.0 Maswali ya Uwandani

Maswali yagawanywe katika makundi matatu. La kwanza ni majina. Ruiru aghalabu huelezwa kuwa ni mto mweusi kwa Kigikuyu. Thika huhusishwa na kitenzi cha Kigikuyu chenye maana ya kuzika, na hapo mwanafunzi wa isimu linganishi atatambua mara moja undugu wa thika na zika. Juja, kwa masimulizi fulani, imetokana na sanamu mbili alizokuwa nazo McMillan. Maelezo haya yarekodiwe kama masimulizi, si kama hukumu. Kwa jina Kalimoni, kwa mfano, mtu anaweza kushawishika kukimbilia limau kwa kuwa sauti zinakaribiana. Kufanana kwa sauti si ushahidi; waulizwe wazee, na majibu yao yalinganishwe.

Kundi la pili ni lugha ya kazi. Mashamba ya walowezi ndiyo yaliyokuwa makazi ya Kisetla, Kiswahili kilichokatwakatwa cha mwajiri Mzungu na kibarua Mwafrika. Katika lahaja hiyo upatanisho wa ngeli ulipuuzwa, hapana ilitumika kukanushia karibu kila kitenzi, na kuja ikachukua nafasi ya njoo. Ilikuwa lugha ya kuamrisha zaidi ya kuzungumza. Humo ndimo lilimotumika neno boi kwa mtu mzima mwenye wajukuu, na humo ndimo kipande, cheti cha kibarua, kilipoanza kuning'inizwa shingoni katika kibweta cha chuma. Mzee akikumbuka alivyoamriwa kumwagilia maua, aombwe ayarudie maneno yaleyale bila kuyasanifisha. Mwanafunzi atakayeyasahihisha atakuwa ameharibu ushahidi.

Kundi la tatu ni masimulizi yenyewe: ni nani anayeruhusiwa kusimulia, ni wapi anapoanzia, ni wapi anaponyamaza. Hapa adabu ni sehemu ya mbinu. Mwenyeji mzee wa Kigikuyu hufurahi kuitwa guka akiwa mwanamume na cũcũ akiwa mwanamke, na mwanafunzi kutoka Tanzania asishangae shikamoo yake ikipokelewa kwa tabasamu badala ya marahaba. Idhini ya kurekodi iombwe kabla ya kifaa kuwashwa. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, sukari na majani ya chai si hongo bali ni heshima.

6.0 Hitimisho

Ziara haimaliziki garini. Rekodi zinukuliwe katika muda wa majuma mawili, faharasa ya majina ya mimea na mahali iandaliwe, na nakala irudishwe kwa waliohojiwa, isomwe mbele yao ikibidi. Aidha, matokeo yaweza kuwasilishwa kwa Makavazi ya Taifa ya Kenya, kwa kuwa sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi inatoa njia ya kulinda mahali penye thamani ya kihistoria. Maombi ya ulinzi huwa na nguvu zaidi yakiambatana na maneno ya waliopaishi mahali hapo kuliko picha za maua peke yake.

Bustani za Thika na Ruiru zimekwisha kuandikwa sana kwa lugha ya aliyeketi barazani akizitazama. Lugha ya aliyeinama akizipalilia, ambayo mara nyingi ilikuwa Kiswahili cha namna fulani, bado haijaandikwa vya kutosha. Wanaoweza kuisikia na kuichambua ni wanafunzi wa Kiswahili, na wengi wao wanasoma katika vyuo vilivyo kando ya barabara hiyohiyo ya Thika, safari ya matatu moja tu kutoka Kalimoni.